Mti Mzuri Mahali Pabaya: Mikoko ya Pwani, Mikaratusi Yetu na Chemchemi za Lugulu

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Lugulu, katika maadhimisho ya Siku ya Ardhi Oevu Duniani, tarehe 2 Februari. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa niwazungumzie kwa muda mfupi kuhusu ardhi oevu, yaani vinamasi, chemchemi, kingo za mito na mahali pote ambapo ardhi hukaa na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Siku hii huadhimishwa tarehe 2 Februari kwa sababu siku kama hii mwaka 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalipitisha mkataba wa kulinda ardhi oevu. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1990, na Ziwa Nakuru likawa eneo letu la kwanza kuorodheshwa. Leo tuna maeneo sita: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elmenteita na Delta ya Mto Tana.

Mtaona kwamba hakuna eneo hata moja la Bungoma katika orodha hiyo. Mtu anaweza kusema, basi jambo hili halituhusu. Mimi nasema linatuhusu kuliko wengi. Maji tunayochota asubuhi hayatoki katika orodha ya kimataifa. Yanatoka katika chemchemi iliyo chini ya shamba la jirani, na swali langu leo ni hili: chemchemi hiyo imezungukwa na nini?

Kinamasi kina kazi gani?

Wengi wetu tulilelewa tukiona kinamasi kama ardhi iliyopotea. Hakilimiki vizuri, ng'ombe hukwama humo, mbu hutoka huko. Ndiyo maana kila kizazi kimetaka kukikausha, kupanda mahindi, kufyatua matofali au kupanda miti.

Lakini kinamasi ni ghala. Mvua inaponyesha kwa nguvu, matete na mafunjo hupunguza kasi ya maji, udongo hutua chini, na maji huingia ardhini polepole. Kiangazi kinapofika, ghala hilo hufunguka kidogo kidogo, na ndiyo maana kijito hutiririka mwezi Januari ilhali mvua ya mwisho ilinyesha wiki nyingi zilizopita. Ukiharibu ghala, utapata mafuriko wakati wa mvua na ukame wakati wa kiangazi, katika shamba hilo hilo, katika mwaka huo huo.

Tuna mfano karibu nasi. Kule Trans Nzoia, si mbali na Kitale, kuna Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa. Ilianzishwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, swala anayeishi majini na mwenye kwato ndefu zinazopanuka ili asizame katika matope. Ni hifadhi ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, karibu kilomita tatu za mraba tu. Wakulima wameizunguka pande zote. Wanaoishi huko wamejifunza kwamba uzio peke yake hauwezi kuilinda, kwa sababu maji ya kinamasi hutoka katika mashamba yaliyo juu yake. Mkulima akikosea juu, nzohe anaumia chini. Na korongo taji, yule ndege mwenye kilemba cha dhahabu tunayemwona mashambani mwetu, hujenga kiota chake katika majani ya kinamasi. Kinamasi kikienda, naye huenda.

Somo kutoka pwani

Sasa niwapeleke mbali kidogo, hadi Bahari ya Hindi. Huko ardhi oevu iliyo muhimu kuliko zote ni misitu ya mikoko. Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na sehemu kubwa zaidi ya misitu yenyewe iko Lamu. Mizizi yake hukaa katika maji ya chumvi, huzuia mawimbi, hushika udongo, na samaki wadogo na kamba hujificha humo mpaka wakue. Mvuvi wa pwani atakwambia kwamba bila mikoko hana samaki wa kesho.

Kwa miaka mingi mikoko ilikatwa kwa boriti, kuni na chokaa. Pale Gazi, Kaunti ya Kwale, sehemu za msitu ziliachwa wazi kabisa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji walianza kuipanda upya. Kisha vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 za msitu. Tangu mwaka 2013 mradi huo umekuwa ukihesabu hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti na kuiuza katika soko la kimataifa. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa aina hiyo kwa mikoko. Fedha zake zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Wanakijiji wenyewe ndio huketi na kuamua pesa ziende wapi.

Kuna jambo la pili la pwani ambalo ni letu hasa. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, mikoko mingi ilikufa katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa. Haikukatwa na mtu. Udongo uliletwa na maji kutoka mashamba ya bara, ukafunika mizizi ya kupumulia, na miti ikakosa hewa. Waliopoteza udongo wao walikuwa juu, waliopoteza msitu wao walikuwa chini, na huenda hawajawahi kuonana.

Mto wetu hauendi Mwache. Maji ya Nzoia hutoka milima ya Cherangany na Mlima Elgon, yakapita katika ardhi yetu, yakaporomoka pale Nabuyole karibu na Webuye, yakaendelea hadi Budalangi na kuingia Ziwa Victoria. Lakini kanuni ni ile ile. Budalangi ilifurika mwaka 2003, ikafurika 2008, ikafurika tena 2020, na familia zikahamia kwenye kambi. Kila mara tulisikia habari hizo redioni tukawahurumia. Sehemu ya matope yaliyojaza mto ule yalikuwa udongo wa mashamba yetu.

Mti ule ule, mahali pengine

Nataka sasa tuzungumze kuhusu mimea ya kigeni, na ninaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili mara nyingi huelezwa vibaya. Husemwa kama kwamba kila mmea uliotoka nje ni adui. Si kweli. Mahindi yalitoka Amerika. Maharagwe pia. Tungefukuza kila mmea wa kigeni, jioni hii Lugulu nzima ingelala njaa.

Fikirieni mkoko wenyewe, mti tuliousifu sasa hivi. Visiwa vya Hawaii katika Bahari ya Pasifiki havikuwa na mikoko ya asili. Mwaka 1902 kampuni moja ya sukari ilipanda mikoko katika kisiwa cha Molokai ili ishike matope yaliyokuwa yakitoka mashambani. Nia ilikuwa njema. Lakini kule Hawaii mikoko haikukuta wadudu na magonjwa ya kwao. Ilisambaa, ikaziba mabwawa ya samaki yaliyojengwa na mababu wa wenyeji, ikafunika mahali ambapo ndege wa majini walitafuta chakula. Leo watu wa Hawaii wanatumia nguvu na fedha kuing'oa mikoko, huku watu wa Gazi wakitumia nguvu na fedha kuipanda. Miti hiyo ni ya jamii moja. Wote wawili wako sahihi.

Mwaka huo huo wa 1902, mti mwingine uliletwa hapa Kenya. Injini za treni ya reli ya Uganda zilihitaji kuni, nazo zilimaliza misitu haraka. Wakoloni wakaleta mkaratusi kutoka Australia, mti ambao wengi wetu tunauita bulugamu. Nao hauna hatia. Kwao Australia ni nyumbani. Swali ni mahali tulipouweka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mkaratusi umekaa nasi zaidi ya miaka mia moja. Ni haki kuuliza anafanya kazi gani, na katika shamba lipi.

Kwa nini tunaupenda

Tuseme ukweli. Mkaratusi umewasomesha watoto wengi wa kaunti hii. Hukua haraka. Ndani ya miaka michache unatoa fito na nguzo za kujengea, na ukiuvumilia zaidi unauza nguzo za stima au mbao. Ukiukata, kisiki huchipua chenyewe bila kupandwa tena. Ng'ombe haupendi. Hauhitaji mbolea, palizi nyingi wala dawa. Kwa mzee aliyechoka kulima, au mjane ambaye wanawe wako Nairobi, mkaratusi ni benki isiyomdai kusafiri hadi mjini.

Na kwa nini tuliupanda kwenye maji? Kwa sababu huko ndiko ulikokua haraka zaidi, na kwa sababu kinamasi kilikuwa ile sehemu ya shamba ambayo mahindi hayakuitaka. Tena miaka ya nyuma wataalamu wenyewe walishauri mikaratusi ipandwe ili kukausha mahali penye maji mengi. Waliopanda walifuata ushauri wa wakati wao. Sikuja hapa kumlaumu mtu.

Maji huenda wapi?

Mti wowote huvuta maji kwa mizizi na kuyaachilia hewani kupitia majani. Mti unaokua haraka hufanya kazi hiyo haraka. Wataalamu wa misitu wanatukumbusha kwamba mkaratusi si mfujaji. Ukihesabu kiasi cha mbao unachotoa, unatumia maji yake vizuri. Hilo ni kweli. Lakini chemchemi haihesabu mbao. Chemchemi inahesabu maji yaliyobaki.

Mlimani au katikati ya shamba kavu, mkaratusi hutumia maji unayopata, na kiangazi kikiwa kikali nao hupunguza mwendo. Kando ya kijito hakuna cha kuupunguza. Mizizi iko majini mwaka mzima, majani hayapukutiki kwa msimu, na hivyo mti unavuta mwezi wa Desemba, Januari na Februari, miezi ile ile ambayo mama anasubiri saa nzima ndoo ijae.

Afrika Kusini walilipima jambo hili. Pale Mokobulaan, katika mkoa wa Mpumalanga, watafiti walichukua bonde dogo lenye kijito kilichotiririka mwaka mzima, wakalipanda mikaratusi, kisha wakawa wanapima maji. Mwaka wa tisa baada ya kupanda, kijito kilikauka kabisa. Miti ilipofikisha miaka 16 ilikatwa yote. Je, maji yalirudi mara moja? Hapana. Ilichukua miaka mingine mitano kabla kijito hakijatiririka tena kama zamani, kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa imekauka kwa kina na ilibidi ijae kwanza.

Nawaomba mshike hesabu hiyo ya miaka mitano. Atakayekata mikaratusi mwaka huu na kuona mwaka ujao kijito bado ni dhaifu, asiseme alidanganywa. Ghala lililomalizwa kwa miaka mingi halijazwi kwa mvua moja. Na atakayesema atasubiri mpaka chemchemi ikauke ndipo achukue hatua, ajue kwamba atakuwa amechelewa kwa miaka hiyo mitano.

Nani hulipa gharama hiyo? Mara nyingi si mwenye miti. Mwenye miti huuza nguzo zake. Gharama hulipwa na mama na wasichana wanaokwenda kijito cha pili, kisha cha tatu. Hulipwa na mwanafunzi anayefika shuleni kengele ikiwa imelia, na mfugaji anayewapeleka ng'ombe mbali. Hakuna anayewaandikia risiti.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 69 kinampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuyalinda. Na jedwali la nne la Katiba hiyo linazipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kwa hiyo hili si jambo la NEMA peke yake kule mbali.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zilikataza kulima au kujenga karibu na mto, kwa umbali usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ukipima kutoka mahali ambapo maji yalifika wakati wa mafuriko makubwa zaidi. Mwaka 2009 kukawa na kanuni za kusimamia ardhi oevu na kingo za mito. Mwaka huo huo marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe katika ardhi oevu na vyanzo vya maji, na Huduma ya Misitu ya Kenya ikatoa mwongozo kwa wakulima. Mwongozo haukuupiga marufuku mkaratusi. Ulisema usipandwe katika vinamasi, kando ya mito na kuzunguka maziwa na mabwawa. Kwingineko, panda.

Ukitaka kuwa salama, hesabu mita 30. Ni karibu hatua 40 za mtu mzima. Ukifika hatua hiyo na bado uko shambani mwako, hapo bulugamu yako haina ugomvi na mtu.

Maswali ninayoulizwa

Kila ninapozungumza kuhusu jambo hili, maswali matatu hurudi. Nitayajibu waziwazi.

La kwanza: "Shamba ni langu na hati ninayo. Mtu ataniambiaje nisipande?" Ndiyo, ardhi ni yako. Lakini maji yanayopita chini yake si yako peke yako. Yaliingia shambani mwako yakitoka kwa jirani wa juu, na yana haki ya kumfikia jirani wa chini. Hati yako inakupa ardhi. Haikupi kiu ya mwenzako.

La pili: "Nikikata, karo nitalipa na nini?" Hili ndilo swali zito, na anayelipuuza hajawahi kulipa karo. Jibu langu ni kwamba hakuna anayekuambia ukate kila mti leo. Miti iliyokomaa iuze. Pesa ni zako. Kinachoombwa ni kwamba usiruhusu visiki vilivyo kando ya maji vichipue tena, na miche mipya uipeleke juu, mbali na maji. Utakuwa umehamisha benki yako, hukuifunga.

La tatu: "Kaunti itanilipa fidia?" Mimi ni afisa wa habari. Sina mamlaka ya kuahidi fidia, na sitawaahidi. Nikifanya hivyo leo mtapiga makofi, na mwaka ujao mtaniita mwongo, nanyi mtakuwa na haki. Ninachoweza kusema ni kwamba ushauri wa afisa wa kilimo na wa afisa wa misitu ni haki yenu bila malipo. Waulizeni kuhusu miche kabla ya kwenda kununua.

Namna ya kufanya

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kuna njia nzuri na kuna njia inayoharibu zaidi.

Kwanza, tembea na jirani yako kando ya kijito mkihesabu miti iliyo ndani ya hatua 40. Fanyeni hivyo pamoja, upande huu na upande ule. Ukikata peke yako na jirani akaacha, mizizi yake itakunywa sehemu uliyoiachia.

Pili, panda kabla ya kukata. Miche ya asili ikishika kwanza, ukingo hautabaki uchi. Mkuyu ni mti wa maji tangu zamani, na wazee wetu hawakuukata bure penye chemchemi. Kuna mizambarau ya porini, na kuna lusiola kwa sehemu isiyo na maji mengi, ambayo pia hutoa mbao nzuri. Wengi huuliza kuhusu mianzi. Inafaa, lakini aina ni nyingi na nyingine ni wageni pia, kwa hiyo muulize afisa wa misitu ipi inakubali hali yetu. Na pale penye kinamasi chenyewe, wacha matete na mafunjo yarudi. Huhitaji hata kuyapanda.

Tatu, kata kwa awamu. Usiondoe safu zote msimu mmoja, hasa mahali penye mteremko.

Nne, usichimbue visiki vya ukingoni. Mizizi iliyokufa bado hushika udongo kwa muda, lakini shimo la kisiki ni mlango wa mmomonyoko. Kata chini kabisa, bambua gamba hadi usawa wa udongo, na kila machipukizi yakitokea, yavunje yakiwa bado laini. Ukiacha yakawa fito, umeanza upya. Kisiki kisichopewa majani hatimaye huchoka.

Tano, usitumie dawa za kuua magugu karibu na maji ya kunywa, hata kama muuzaji anasema hazina madhara. Wala usichome moto kinamasi.

Sita, chemchemi yenyewe izungushieni uzio, na wanyama wanyweshwe chini yake, si juu yake.

Kazi hii ikiunganishwa inaweza kuwa ajira. Afrika Kusini, tangu mwaka 1995, serikali imewalipa watu kutoka familia maskini kuondoa miti ya kigeni kando ya mito, katika mpango uitwao Working for Water. Sisi tunaweza kuanza na vyama vya watumiaji maji, ambavyo sheria ya maji inavitambua. Kijiji chenye chama kilichosajiliwa husikika haraka kuliko mtu mmoja mmoja akilalamika.

Wageni wengine wanaobisha hodi

Kabla sijamaliza, neno moja kuhusu wageni wapya. Gugumaji ni ua zuri kutoka Amerika Kusini. Lilipandwa kwa urembo, likaingia mito, na kwa njia ya Mto Kagera likafika Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limeziba fukwe, mitumbwi haikuweza kutoka, na ilibidi waletwe vifukusi maalumu wa kulila. Hadi leo bado linarudi, na hulishwa na mbolea inayosafirishwa na mito, Nzoia ukiwemo.

Kule Baringo, mathenge uliletwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Ulifanya kazi hiyo kupita kiasi, ukafunga malisho na njia. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda matamu ya mti huo akafikishwa mahakamani kama ushahidi. Watu walicheka. Waliokuwa na mbuzi hawakucheka.

Kwa hiyo mtu akikuletea mmea usioujua, akisema unakua haraka, haufi na hauhitaji kutunzwa, muulize swali moja: nikiuchoka, nitauondoaje? Kama hana jibu, usiupande, na kabisa usiupande karibu na maji.

Ombi langu

Mvua za masika zinakaribia. Kati ya leo na mwezi Machi mna muda wa kutosha kufanya mambo matatu: kupima hatua 40, kukubaliana na jirani, na kuandaa mashimo ya miche. Chifu wetu anaweza kuliweka jambo hili katika baraza lijalo, ili kila kijiji kitaje chemchemi zake kwa majina na kiseme nani atatunza ipi. Chemchemi isiyo na mwenyewe ndiyo hukauka kwanza.

Watu wa Gazi walisubiri miaka kabla ya mikoko waliyopanda kuwa msitu. Waliopanda wengi walijua kwamba watakaofaidika zaidi ni watoto wao. Sisi kazi yetu ni nyepesi kidogo, kwa sababu matete hurudi yenyewe ukiyaacha. Kinachobaki ni sisi kukubali kuyaacha.

Aliye na swali ambalo sikulijibu, tutakuwa hapa na afisa wa kilimo mpaka la mwisho liulizwe.